Jana walikuwa wenzako, leo unawasimamia

Swali: Shikamoo shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Tabata, nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate maeneo ya Buguruni. Nilianza kama karani wa stoo. Miezi 3 iliyopita bosi alinipa usimamizi wa zamu ya usiku, watu 11, na wengi wao ni wanaume wakubwa kwangu. Mmoja ni mzee wa oveni aliyenifundisha kazi, mpaka leo ananiita mwanangu. Nimehudhuria semina za uongozi, nikaambiwa nijiamini, nisimame wima, niongee kwa sauti nzito. Nikifanya hivyo vijana wananicheka, na wawili kati yao wanachelewa karibu kila siku. Wiki iliyopita trei 30 za mikate ziliungua. Najua mzee alisinzia. Bosi hajui ni nani, amesema mwisho wa mwezi hasara ikatwe kwenye mishahara ya zamu nzima, na mimi ndiye niwatangazie. Nimtaje mzee? Ninyamaze wakatwe wote? Au uongozi ni kipaji na mimi sikuzaliwa nacho?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi za usiku.

Nianze na swali lako la mwisho, maana hayo mengine yote yamening'inia hapo. Kipaji hujakosa. Wapo wanaozaliwa na sauti nzuri na uchangamfu, na vitu hivyo vinasaidia. Lakini mimi nimefanya kazi ya utumishi viwandani tangu Barabara ya Nyerere ikiitwa bado Barabara ya Pugu, na wasimamizi niliowaona wakidumu wengi hawakuwa wasemaji. Walikuwa watu ambao wafanyakazi wao waliweza kusema mapema, bila kuuliza, "Hili akilisikia atafanya hivi." Na kweli akilisikia anafanya hivyo hivyo, kwa rafiki yake na kwa asiyempenda.

Wewe bado hawajakujua kwa namna hiyo. Walimzoea karani wa stoo, mnacheka, mnagawana chai. Ghafla umewajia na sauti nzito. Keshokutwa huruma inakushika, unarudi kuwa yule wa zamani. Wanapokucheka wanakupima waone yupi kati ya hao wawili ndiye wewe. Semina haikukosea kukuambia ujiamini, ila kujiamini huja baadaye, watu wakishakuamini mara nyingi katika mambo madogo. Ukitanguliza sauti, unakuwa umedai malipo kabla ya kazi.

Sasa nikutume mahali. Nenda ukamwangalie kijumbe wa mchezo, yule anayekusanya na kugawa fedha za upatu.

Kila mtaa wa Dar es Salaam unaye. Huku kwetu Tandika yupo mmoja anayekaanga mihogo karibu na soko. Hana cheo wala muhuri, na shule aliishia darasa la saba. Mchezo wake una watu 12: mama lishe, wauza mboga, msusi, fundi cherehani. Kila siku kila mmoja anatoa 5,000, na mwenye siku yake anaondoka na 60,000. Hizo ni fedha za watu ambao wengi wao hawana akiba nyingine, na hakuna mkataba ulioandikwa hata mstari mmoja. Ndani ya mchezo ule wamo wanawake wanaomzidi umri kwa mbali, wengine ana kwa ana wanamwita "we mtoto", na wote wanamtii. Ukielewa kwa nini, umepata zaidi ya nitakachoweza kukuandikia hapa.

Namba za kupokea hupigiwa kura siku ya kwanza mbele ya wote, vikaratasi ndani ya bakuli. Lakini mgeni haingii kwenye kura hiyo. Mgeni anapewa namba za mwisho na anaambiwa sababu waziwazi: akipokea mapema halafu akaingia mitini, watakaoumia ni wenzake. Akimaliza mzunguko mmoja bila kusumbua, mzunguko unaofuata anaingia kwenye kura kama wengine. Sijawahi kuona mtu akinuna kwa hilo, kwa sababu kanuni iliwekwa kabla ya kujulikana itamgusa nani.

Halafu ikaja masika. Mvua ikikaza siku mbili tatu, Jangwani kukajaa maji, wateja hawapiti, muuza mboga anarudi nyumbani na mzigo ule ule aliotoka nao alfajiri. Jioni moja ya namna hiyo mama mmoja alikuja mikono mitupu. Kijumbe hakumuuliza kitu pale. Alifungua fundo la khanga yake, akatoa 5,000, akajazia, na mwenye siku yake akapewa 60,000 kamili bila maelezo. Watu walipotawanyika ndipo akamfuata yule mama kwake. Waliyozungumza ni yao wawili. Deni likaandikwa kwenye daftari, na baada ya siku chache likalipwa. Walichokijua wengine ni kwamba mchezo haukuvunjika.

Kwa kijumbe yule hesabu iko wazi kwa kila mtu, lakini aibu ya mtu inazungumzwa faragha. Wasimamizi wengi hufanya kinyume chake. Hesabu za saa za ziada na za hasara wanazificha mezani, halafu kosa la mtu wanalipigia kelele mbele ya zamu nzima, tena mbele ya watoto wadogo wa juzi. Na bado wanashangaa kwa nini hawapati heshima.

Twende kwenye trei zako 30.

Kabla ya mzee, lipo la sheria, nalo lisikupite. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa kutamka tu. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi; hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake mwenyewe; apewe nafasi ya kueleza kwa nini asikatwe; jumla isizidi thamani halisi ya kilichoharibika; na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Watu 11 kukatwa kwa usingizi wa mmoja hakupiti hapo kwa njia yoyote. Kwa hiyo lile tangazo ulilotumwa, usilitoe bado. Ukishalitamka kwa mdomo wako, hata likibatilishwa kesho, zamu itakukumbuka kama uliyesimama kuwakatia watu wasio na kosa.

Bosi wako usimwendee na sheria mkononi kama fimbo. Wenye viwanda vidogo wengi wamejifunza biashara kwa kuhangaika nayo, sheria za kazi hakuna aliyewakalisha chini kuwafundisha. Amepata hasara, ana hasira, ametafuta njia ya karibu. Utamweleza, nitakuja hapo.

Ila kabla ya bosi, mzee.

Fika mapema, saa 1 na nusu usiku, watu hawajajaa. Msalimie shikamoo kama siku zote. Hili nalisema kwa uzito, maana nimewaona vijana waliopandishwa cheo wakaanza kuwaamkia wazee kwa "mambo vipi", wakidhani ndiyo kujiamini. Cheo hakifuti utoto wako kwake. Ukiacha kumwamkia, hata wale vijana wanaokucheka watamuonea uchungu mzee wao, na hapo umewapoteza wote kwa mkupuo.

Kisha mwambie, kwa maneno yako lakini yasitoke mbali na haya: "Mzee, zile trei, najua kilichotokea, na wewe unajua kuwa najua. Bosi anataka kukata zamu nzima. Mimi akiniuliza sitamdanganya, lakini sitaki alisikie kwangu kabla hajalisikia kwako. Nenda umwambie, au twende wote. Upande wa zamu nitaueleza mimi." Halafu nyamaza. Usijaze kimya kwa kujitetea au kuomba radhi. Mwache awaze. Watu wazima waliofuatwa faragha kwa heshima, niliowashuhudia, wengi walikwenda wenyewe. Kinachomfanya mtu mzima akane ni kuogopa kuvuliwa nguo mbele za watu.

Akikataa, mwambie bila ukali kwamba kesho utazungumza na bosi, na kwamba utasema kweli. Sisi tuliosoma shule ya msingi enzi za TANU tulikaririshwa ahadi za mwanachama, na moja ilikuwa "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Utotoni nilidhani hayo ni mambo mawili yaliyounganishwa tu kwa ajili ya mahadhi. Kazini nikaelewa kwa nini yanakaa pamoja: kweli ile ile inageuka fitina ukiipeleka kwa mkubwa bila mhusika kuisikia kwanza kutoka kwako. Ukimtaja mzee baada ya kukaa naye na kumpa nafasi, umesema kweli. Ukimtaja leo kwa kujipendekeza au kwa woga, umefitini, hata kama kila neno ni sahihi.

Na ukiwa pale muulize swali ambalo sidhani kama kuna aliyemuuliza: kwa nini alisinzia? Zamu yenu, kama ni ile ya kawaida ya viwanda vya mikate, inaanza saa 2 usiku hadi alfajiri ya magari kutoka. Sheria hiyo hiyo inasema mtu akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Wakandaji wako huenda wanayapata, donge likiwa linaumuka wanajinyoosha. Mtu wa oveni je? Mikate ikishaingia, nani anampokea? Kama jibu ni hakuna, basi usingizi ule ni wa mzee, lakini pengo ni la zamu, na zamu ni yako.

Hapo ndipo pa kumwendea bosi. Usianze na jina la mtu. Anza hivi: "Zamu ni yangu, na nilimwacha mtu mmoja na moto usiku kucha bila wa kumpokea. Nimeona pengo, na nimepanga hivi kuliziba." Mkubwa ni jalala, wahenga walishasema, kila kitu kitatupwa kwako, na hiyo ndiyo kazi uliyokubali siku ulipopokea daftari la zamu. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Hakuwapo kule wala hakuagiza. Vyombo vilikuwa chini ya wizara yake, akaona inatosha. Miaka 8 baadaye, mwaka 1985, ndiye aliyekuwa Rais wa nchi hii. Mikate si roho za watu na hakuna anayekutaka ujiuzulu. Nakukumbusha tu kwamba kusimama mbele ya kosa la walio chini yako hakukumshusha mtu yule.

Lakini nisikilize vizuri hapa, maana wasichana wenye moyo mwema ndipo wanapoumia. Kubeba lawama na kulipa hasara ni mambo mawili tofauti. Kijumbe alitoa 5,000 yake akijua inarudi wiki ile ile. Wewe ukijitolea mshahara wako kulipia trei 30, umemzoesha bosi kwamba kila hasara ya usiku ina mwenyewe, na umewazoesha watu wako kwamba kuna wa kuwalipia. Usifanye. Mweleze bosi hiyo kanuni ya makato kwa upole, kwamba akikata watu 11 bila utaratibu wa sheria, mmoja wao akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kiwanda kitatumia muda na fedha kuliko hiyo mikate. Hilo mfanyabiashara yeyote atalielewa.

Na mpango wenyewe wa kuziba pengo uwe mkononi, umeandikwa. Mtafutie mzee msaidizi. Ningekuwa wewe ningemchukua mmoja wa hao vijana wanaocheka sana, kwa sababu anayecheka mara nyingi ni mwerevu asiye na jambo zito la kushika. Usimpe oveni. Mpe saa moja tu, mzee akila, na mzee awe karibu. Akiimudu wiki mbili tatu, ongeza. Ni kama mgeni wa mchezo, anaanzia namba za mwisho. Na tazama kitakachotokea kwa mzee: mtu aliyekuwa na aibu ya kuunguza anarudi kuwa mwalimu, jambo analoliweza kuliko yeyote hapo, na ulilowahi kulionja wewe mwenyewe.

Hao wawili wanaochelewa, waulize wanatoka wapi kabla hujawaandika. Anayetoka Chanika anaweza kuwa ametoka nyumbani mapema, daladala ikakatisha ruti Gongo la Mboto, akalazimika kugombania gari lingine. Huyo mnaweza kukubaliana atoke kwa gari la mapema zaidi, au abadilishwe aanze na kazi isiyosimamisha wenzake. Aliyechelewa kwa sababu alikuwa kibanda umiza anatazama mpira, anasubiri filimbi ya mwisho, huyo muite pembeni mara moja, ya pili umwandike, na wajue wote kuwa ndivyo itakavyokuwa kwa kila mtu, pamoja na yule unayeelewana naye.

Sasa la hesabu, ambalo naona hukuliuliza lakini ndilo litakalokujengea jina haraka kuliko yote. Umewahi kukaa msibani hadi siku ya kuanua tanga? Kwenye turubai watu wanaweza kuwa wamegombana kuhusu gari, kuhusu chakula, kuhusu nani alipaswa kuarifiwa. Kisha anasimama aliyeshika daftari la rambirambi, anasoma: zimepatikana kiasi hiki, zimetumika hivi, zimebaki hivi, wafiwa wakabidhiwe. Manung'uniko yanapungua pale pale. Zamu yako inahitaji siku ya kusomewa.

Wewe ndiye unayeandika saa za kazi. Sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Mkikesha siku 6 kwa saa 9, saa 9 za wiki hiyo ni za ziada, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Mtu ambaye saa yake ya kawaida ni 1,000, usiku inakuwa 1,050, na ikiwa ni ya ziada usiku inakuwa 1,575. Kila Jumamosi bandika ukutani karatasi yenye majina yote na saa za kila mmoja, kabla haijaenda ofisini, na useme: "Mwenye kasoro aniambie leo." Jina lako na saa zako ziwe humo humo, tena mstari wa mwisho. Wiki ya kwanza watasogea kuisoma kwa mashaka. Baada ya mwezi hutahitaji sauti nzito kumwambia mtu avae kofia ya kazi.

Kuhusu kuwa msichana kati ya wanaume, nitasema kidogo tu. Utani wa kawaida uache upite. Mzaha wa mwili wako usiuache upite hata mara moja. Mwite aliyeutoa, peke yake, umwambie kwamba ukirudiwa utauandika, na ukirudiwa uuandike kweli.

Muda wa kumwona bosi nao uchague. Alfajiri anahesabu mikate inayopakiwa, akili yake iko kwenye magari. Omba nusu saa ya mchana, siku ambayo haina mzigo wa unga unaoingia, na iwe kabla orodha ya mishahara haijaandaliwa, maana makato yakishapita kuyarudisha ni kazi nyingine. Akisisitiza kukata, usitie sahihi kwenye orodha hiyo kama msimamizi. Mwandikie barua fupi yenye tarehe ukieleza uliyomshauri, ubaki na nakala. Wenzako nao wajue kwamba malalamiko ya aina hiyo hupelekwa Tume ndani ya siku 60 tangu jambo lilipotokea. Lakini anza na mzee, kesho, kabla ya zamu.